Taa zinachezacheza kila rezistansi ya vifaranga inapowaka: tufanye nini?

Wandugu wanamemba, huku Kavumu tuko kwenye mita karibu 1.700 juu ya bahari, na usiku baridi inashuka kweli. Kifaranga wa siku moja anaomba digrii 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, kisha tunapunguza kama digrii 3 kila wiki. Koperative nyingi zimeanza kuacha makala, na wana sababu: bei inapanda, miti inaisha upande wa Kahuzi-Biega, na ndani ya chumba kilichofungwa makala inatoa hewa ya sumu isiyoonekana, inaua vifaranga na inaweza kuua hata mlinzi anayelala nao. Bas, wanaweka resho ao rezistansi ya umeme yenye termostati. Vifaranga wanapona, lakini jirani anaanza kulalamika: taa zake zinashuka na kupanda usiku kucha. Mtoto hawezi kusoma, kwenye kituo cha afya muuguzi anashona kidonda chini ya taa inayokonyeza. Mara ingine ugomvi unafika mpaka mtu anakata waya wa koperative gizani, na asubuhi vifaranga 300 wamekufa. Njo maana jambo hili si dogo.

Umeme unaotufikia kutoka vituo vya Ruzizi (Ruzizi ya kwanza ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili ya 1989 tunayogawana na Rwanda na Burundi) unasafiri mbali, lakini kwa shida hii tusilaumu Ruzizi haraka. Mara nyingi kosa liko kwenye mita mia chache za mwisho, kati ya kabini na nyumba. Waya ni kama mpira mwembamba wa maji: ukifungua robine kubwa, wa mbele yako wanapata maji kidogo.

Tupige hesabu. Tuseme chumba cha vifaranga kiko mita 400 kutoka kabini, kwa waya wa aluminiamu wa milimita 25 za mraba. Waya huo una karibu ohm 1,2 kwa kila kilomita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 800: ni karibu ohm 1. Rezistansi ya wati 2.000 inavuta karibu ampere 8,7. Zidisha: volti 8 na kitu zinapotea njiani kila mara termostati inapowasha, na zinarudi kila inapozima. Kwa volti 230 ni karibu asilimia 3,6. Mtu atasema, asilimia 3 ni nini? Lakini ampuli ya zamani, ile ya waya ndani, haishuki sawasawa na volti. Mwangaza wake unashuka zaidi ya mara tatu ya hapo. Asilimia 3,6 ya volti inakuwa zaidi ya asilimia 10 ya mwangaza. Na nyumba zote zilizo mwisho wa waya uleule zinaona, hata kama hazina kuku hata mmoja.

Jicho lina tabia yake. Wataalamu wamepima: taa ikibadilika mara moja kwa dakika, watu wanaanza kuudhika volti ikicheza karibu asilimia 2,7. Ikibadilika mara mbili kwa dakika, ni asilimia 2,2. Ikifika mara 110 kwa dakika, hata asilimia 0,7 inatosha kuumiza kichwa. Mabaya zaidi ni mara 8 ao 9 kwa sekunde. Kwa hiyo kuna njia mbili: tupunguze ukubwa wa ruko, ao tupunguze mara ngapi linatokea.

Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 61000-3-3, kinachobana vyombo vya nyumbani visichezeshe taa. Lakini chombo kinapimwa kwenye laini ya mfano yenye karibu nusu ya ohm. Yetu ina ohm 1, na wengine wana zaidi. Chombo kinaweza kuwa na alama zote nzuri kwenye karatoni na bado kikasumbua Kavumu.

Dawa ya kwanza, na kwangu ndiyo bora, ni kugawa joto. Tuseme usiku chumba kinatumia rezistansi ya wati 2.000 inayowaka sekunde 40 na kuzima sekunde 20. Maana yake chumba kinahitaji karibu wati 1.300 tu. Basi weka wati 1.000 ziwake moja kwa moja usiku mzima bila termostati, halafu wati 500 mbili, kila moja na termostati yake, moja kwenye digrii 33 na nyingine kwenye 32. Sasa kinachowaka na kuzima ni wati 500 kwa mara moja: karibu asilimia 0,9. Jirani haoni kitu. Ila angalisho: ile inayowaka daima isizidi mahitaji ya chumba, na asubuhi jua likipanda mtu aizime, la sivyo mtapika vifaranga. Andikeni jina la anayehusika na kazi hiyo.

Fundi akikosa rezistansi ndogo, aweza kufunga mbili za wati 1.000 kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine. Zote mbili pamoja zitatoa wati 500, hazitakuwa nyekundu, na zitadumu. Asiweke diodi kukata nusu ya umeme. Inaleta shida kwenye transfo. Na zile regulateri za bei rahisi zinazokatakata umeme mara nyingi kwa sekunde, ziacheni kabisa: zinapiga palepale jicho linapoumia.

Ya pili ni kufunga matundu. Magunia, majani makavu kwenye dari, ukuta wa udongo mnene: kila wati ambayo chumba hakipotezi, waya haubebi. Termostati pia mwaweza kuipa nafasi zaidi, digrii 2 kati ya kuwaka na kuzima badala ya nusu digrii, kifaranga anasogea mwenyewe. Kwa mashini ya kuangulia mayai hapana! Yai linataka digrii 37,5 na halina miguu.

Kama koperative ina laini ya fazi tatu, gawanyeni rezistansi sawasawa kwenye fazi zote na ziwashwe pamoja. Kila fazi inabeba theluthi moja, na waya wa netro haubebi karibu kitu, kwa hiyo ruko linakuwa karibu sehemu moja ya sita ya lile la kwanza.

Alama moja ni ya hatari. Rezistansi ikiwaka, taa za nyumba zingine zinashuka lakini za nyumba nyingine zinapanda na kung'aa sana: netro imelegea ao imekatika. Redio na frigo zitaungua, na mtu anaweza kufa. Zimeni, waambieni majirani, muite SNEL. Mtu wa koperative asipande kwenye mti wa umeme.

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Saa mbili usiku, watu wakiwa wanapika, soma volti kwenye prizi ya chumba rezistansi ikiwa imezimwa. Washa, soma tena. Msishangae mkikuta 180: hapo rezistansi ya wati 2.000 inatoa kama 1.200 tu, njo maana wengine wanaongeza ya pili na kuharibu zaidi. Tofauti ya volti gawanya kwa ampere: hiyo ndiyo ohm ya laini yenu. Iandikeni ukutani karibu na dijonkteri, fundi atakayekuja ataitafuta.