Kinyota hakitoshi: kutafuta maandishi katika hifadhidata
Ninapowafundisha wanafunzi wa ukutubi kwa njia ya intaneti, naanza na kinyota. Ukiandika enseign*, hifadhidata nyingi hukuletea enseignant, enseigner na enseignement kwa pamoja, kwa kuwa Kifaransa hubadilisha neno mwishoni. Kiswahili hulibadilisha mwanzoni pia: mwalimu, walimu, ualimu. Hapo kinyota cha mwishoni hakisaidii. Andika maumbo yote, uyaunganishe kwa OR. Fanya vivyo hivyo kwa majina. Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi 1966. Nchi yetu iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Na waandishi wengi wa zamani walikiita Kiswahili chetu Kingwana. Anayetafuta jina moja tu atadai hakuna kilichoandikwa juu yetu, kumbe kipo, kwa jina jingine.