Lita na Ratili: Neno Moja Lililotufikia kwa Njia Mbili

Utangulizi

Wakati mmoja mjini Musoma tulimsikia mhubiri kijana akieleza habari ya Mariamu wa Bethania katika sura ya 12 ya Injili ya Yohana. Alipofika kwenye ratili ya marhamu, aliwaambia washarika kwamba ratili ni lita moja. Baada ya ibada, wazee waliokumbuka maduka ya zamani walimsahihisha kwa upole. Walisema kwamba ratili ni uzito wala si ujazo; sukari na nyama zilipimwa kwa ratili, nayo maziwa kwa painti. Kijana akakubali kosa lake.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba wazee walisema kweli, na kwamba kijana naye, pasipo kujua, aligusa ukweli mwingine. Neno la Kiingereza “litre”, ambalo sisi twalitamka lita, ni ndugu wa damu wa neno ratili. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiyunani. Kulifahamu jambo hili kunamsaidia mtumishi wa Neno kuliko kumwongezea tu elimu ya maneno, kwa maana humfundisha kuuliza, kila kipimo kinapotajwa, ni kipimo cha nani, na ni nani anayekishika.

Asili ya neno

Wayunani wa kisiwa cha Sisilia walikuwa na neno litra, ambalo lilikuwa jina la uzito na pia jina la sarafu ya fedha. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kilatini libra, lenye maana ya mizani na vilevile ya uzito wa Kirumi uliokaribia gramu 327. Kutokana na libra Waingereza walipata kifupisho chao “lb”, ambacho wengi wetu tulikiona kwenye mawe ya mizani ya zamani, na pia alama ya pauni ya fedha, ambayo ni herufi L iliyokatwa kwa mstari.

Warumi waliigawa libra katika sehemu 12, na kila sehemu waliiita uncia. Neno hili nalo lilitufikia kwa njia zaidi ya moja. Kwa njia ya Kiarabu limekuwa wakia, na kwa njia ya Kiingereza limekuwa inchi, yaani sehemu ya kumi na mbili ya futi. Fundi seremala anayepima ubao kwa inchi na sonara anayepima dhahabu kwa wakia wanatumia neno lile lile la Kirumi.

Njia ya kwanza ya litra ilielekea mashariki. Neno liliingia katika Kiaramu, sauti za l na r zikabadilishana nafasi, na Waarabu wakalipokea kwa umbo la ratl. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wakalileta pwani yetu, nasi tukalitamka ratli, kisha ratili. Huko pwani ratili ilihesabiwa kuwa wakia 16, na frasila moja kuwa ratili 35 au 36.

Njia ya pili ilielekea magharibi. Tayari katika zama za Kirumi tabibu Galeni alitaja pembe zilizochorwa mistari kwa ajili ya kupimia mafuta, ambazo wakia zake zilikuwa za ujazo wala si za uzito. Hivyo jina la uzito lilianza kuwa jina la chombo. Katika Kifaransa lilizaa neno litron, kipimo cha nafaka. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ilichukua umbo la neno hilo ikaliweka kuwa “litre”, yaani ujazo wa mchemraba wenye desimita moja kila upande. Mwaka 1799 kilo ikathibitishwa kuwa uzito wa maji yanayojaa lita moja. Kuanzia mwaka 1901 hata 1964 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliifafanua lita kwa uzito wa maji, ukabadili lita kwa kiasi kidogo mno. Kisha ukairudisha kwenye mchemraba ule wa kwanza. Ni kana kwamba neno lilikuwa bado linaikumbuka asili yake ya uzito.

Katika nchi yetu njia hizi mbili zilikutana. Ratili ilikuwako pwani tangu zamani. Utawala wa Kiingereza ulipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, madukani watu waliendelea kusema ratili, lakini sasa walimaanisha pauni ya Kiingereza, karibu gramu 454. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ikaingia katika vipimo vya metriki. Ratili ikaondoka dukani, ikabaki katika Biblia, nayo lita ikashika nafasi yake kwenye mafuta ya taa na maziwa.

Ratili katika Biblia ya Kiswahili

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hutumia neno ratili katika Yohana 12:3 na 19:39, na katika mahali hapo pawili Kiyunani kina neno lile lile, litra. Basi wafasiri hawakutafuta neno la mbali lililo sawa kwa kukadiria tu. Waliliweka neno la Yohana mwenyewe, lililokuwa limezunguka kupitia Aramu na Arabuni hata likafika kwetu. Ni mahali pachache katika Agano Jipya ambapo msomaji wa Kiswahili yu karibu hivi na sauti ya mwandishi.

Hata hivyo ukaribu wa sauti si usawa wa kiasi. Chukueni mfano wa Yohana 19:39, ambapo Nikodemo analeta manemane na uudi yapata ratili 100. Tukihesabu kwa uzito wa Kirumi tutapata karibu kilo 33, yaani theluthi mbili za mfuko wa saruji wa kilo 50. Tukihesabu kwa ratili ya maduka ya zamani tutapata kilo 45. Tukichukua ratl iliyotumika Sham katika karne za karibuni, ambayo ilikuwa karibu kilo 2 na nusu, tutapata kilo 250, mzigo usioweza kubebwa na mtu mmoja. Na tukisema lita, kama yule kijana, tutapata madebe 5 ya lita 20. Neno ni moja, lakini mizigo ni minne.

Vivyo hivyo kwa Mariamu. Marhamu ile ilikadiriwa kuwa ya dinari 300, na kwa mujibu wa Mathayo 20:2 dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Tukigawanya gramu 327 kwa 300, tunaona kwamba kazi ya kutwa nzima ilinunua gramu moja na ziada kidogo tu. Mhubiri akiwaeleza hivyo wavuvi na wakulima wanaoishi kwa kibarua, wataelewa kwa nini Yuda alinung’unika.

Vipimo katika maisha ya Mara

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mtu akitembea Iringo, au akienda masoko ya Bunda na Butiama, atakuta vipimo vya kila namna. Mahindi na mihogo iliyokaushwa hupimwa kwa debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4, kama lita 18, ingawa ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Yuko pia sado, ambayo ni kopo lililokuwa la rangi. Kama vile litra, majina haya yamedumu huku vyombo vikibadilika, na katika nafasi hiyo kati ya jina na chombo ndipo udanganyifu hujificha.

Mkulima anaijua vema lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Jina ni gunia moja, na bei ni ya gunia moja, lakini mali si ya gunia moja. Mkulima wa pamba naye huupokea ujira wa mwaka mzima kwa mizani isiyo yake. Serikali imetunga Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 Wakala wa Vipimo umekuwa na kazi ya kuisimamia. Lakini sheria haiwezi kusimama karibu na kila debe.

Torati ililiona jambo hili. Kumbukumbu la Torati 25:13–15 hukataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo: moja la kununulia na jingine la kuuzia. Amosi 8:5 huwashitaki wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa fedha wanayopokea. Yafaa tuangalie kwamba maneno haya hayaamuru efa iwe na ukubwa fulani. Yanaamuru iwe moja kwa pande zote mbili.

Huenda mtu akauliza: je, Bwana hakusifu kipimo kinachofurika, katika Luka 6:38? Ndiyo, lakini tutazame ni mkono wa nani unaojaza. Katika Luka anayejaza ni mtoaji, naye hufanya hivyo kwa ukarimu. Katika lumbesa anayedai ni mnunuzi, naye hutumia uhitaji wa mkulima. Kufurika kwa namna ya kwanza ni neema, na kwa namna ya pili ni wizi. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa, anapoeleza amri ya saba, hakuwaacha nje wale wanaokosesha wengine sokoni kwa vipimo na mizani ya uongo.

Hitimisho

Tunawashauri wanafunzi na watumishi wenzetu mambo matatu. Kwanza, msipitie kipimo cha Biblia bila kukipima. Kifanyeni kiwe mzigo ambao washarika wanaujua mabegani mwao. Pili, msidhani kwamba jina lililo sawa ni kiasi kilicho sawa. Tatu, nalo ndilo gumu zaidi, tuanze nyumbani. Siku ya mavuno washarika huleta nafaka, na baadaye nafaka hiyo hugawiwa wajane na wenye shida. Ikiwa tunapokea kwa debe lililorundikwa na kugawa kwa debe lililosawazishwa kwa kigongo, basi tuna mawe mawili mfukoni, hata kama katika daftari tumeandika neno debe pande zote mbili.

Kuhusu yule mhubiri kijana, tungependa ajue kwamba wazee walimsahihisha kwa haki, na kwamba sikio lake halikumdanganya kabisa. Alisikia undugu wa maneno; alichokosa ni kuuliza kiasi. Nasi sote tuna haja ya kuuliza hivyo kabla hatujapanda mimbarani, na tena kabla hatujafungua ghala.