Fahamu: Mshauri wa kinga ya mionzi hospitalini hufanya kazi gani?

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa kifaa cha kutibia saratani na kukiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137, dutu yenye mionzi. Watu 4 walifariki, na zaidi ya 100,000 wakapimwa.

Kuzuia balaa la namna hiyo ndiyo kazi ya mshauri wa kinga ya mionzi.

Huwalindaje watu?

Hukagua kuta za vyumba vya mionzi na hufuatilia vipima-mionzi wanavyovaa wahudumu. Kiwango chao cha mionzi kwa kawaida hakipaswi kuzidi wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka.

Taka nazo?

Nguvu ya iodini-131, inayotibu maradhi ya tezi ya shingo, hupungua nusu kila baada ya siku 8. Hivyo taka zake hufungiwa hadi zipoe. Lakini kobalti-60, dutu nyingine yenye mionzi, huchukua zaidi ya miaka 5 kupungua nusu; hurudishwa kwa mtengenezaji au huwekwa kwenye ghala maalumu.

Ukiona alama ya mionzi, mabawa matatu juu ya rangi ya njano, kwenye chuma kilichotupwa, usikiguse. Ondoka, utoe taarifa.