Jumatano ya kwanza: Siku ya faida na hasara ya mafuta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) inapotoa bei kikomo mpya za mafuta, lawama huwa zile zile katika vituo vya daladala, vijiwe vya bodaboda na maduka ya Kariakoo: wauza mafuta wanatajirika kwa jasho la mlaji.

Hesabu za biashara hiyo zinaonyesha kwamba mlaji hajakosea anapohisi kuna faida. Tatizo ni kwamba huitafuta kwenye bei ya lita, wakati faida kubwa, na hasara kubwa vilevile, hupatikana kwenye mafuta yaliyomo tangini siku bei inapobadilika.

Bei kikomo ilivyoanza

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147 katika soko la dunia. Kufikia Desemba mwaka huo lilikuwa chini ya dola 40. Nchini, bei za vituoni zilishuka polepole mno, na kelele za wananchi zikawa kubwa. Januari 2009 Ewura ikaanza kutangaza bei kikomo.

Utaratibu wake si mgumu. Huchukuliwa gharama ya kununua mafuta nje, usafiri wa meli, bima, gharama za bandari, kodi na tozo za Serikali, kisha huongezwa kiasi alichoruhusiwa muuzaji wa jumla na wa rejareja. Thamani ya shilingi kwa dola nayo huingia. Kituo kinaweza kuuza chini ya kikomo, lakini si juu yake.

Kwa hiyo mwenye kituo hana uhuru wa kujipangia faida kwa lita. Akitaka kipato zaidi, hana budi kuuza lita nyingi zaidi. Njia ya pili, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi, ni kusubiri tarehe.

Agosti 2011

Agosti 3, 2011, Ewura ilishusha petroli kwa Sh202.37 kwa lita, sawa na asilimia 9.17. Kwa kituo chenye lita 10,000 tangini zilizonunuliwa kwa bei ya zamani, huo ulikuwa upungufu wa zaidi ya Sh milioni 2 kwa usiku mmoja.

Wauzaji wengi walisimamisha mauzo. Foleni zikajaa, petroli ikauzwa kwa madumu kwa bei ya kulangua, na suala likafika bungeni Dodoma. Serikali ikatoa amri ya saa 24 mafuta yauzwe. Leseni ya BP Tanzania ya kuuza petroli, dizeli na mafuta ya taa ikasimamishwa kwa miezi mitatu.

Jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kwamba nusu ya hisa za BP Tanzania zilikuwa mali ya Serikali. Mwananchi aliyekuwa kwenye foleni na dumu lake alikuwa mlalamikaji na mwenye mali kwa wakati mmoja. Kampuni hiyo baadaye iligeuka kuwa Puma Energy Tanzania, na Serikali ikabaki na nusu yake.

Katikati ya mwezi huo huo Ewura iliongeza petroli kwa zaidi ya Sh100 kwa lita. Wananchi waliona kuwa wagomaji wamepewa zawadi.

Agosti 2023

Miaka 12 baadaye mambo yalikwenda kinyume. Julai 2023 mafuta yaliadimika katika baadhi ya maeneo. Waagizaji walilalamikia uhaba wa dola, huku wananchi wakisema yamefichwa. Agosti 2 kikomo cha petroli Dar es Salaam kikatoka Sh2,736 hadi Sh3,199, ongezeko la Sh463.

Tangi lile lile la lita 10,000, kama lilijazwa kwa bei ya Julai na kufunguliwa Agosti 2, lilimwongezea mwenye nalo Sh milioni 4.63 bila kazi ya ziada. Ewura iliwahi kuvifungia baadhi ya vituo kwa kosa la kuficha mafuta, lakini kishawishi hicho hurudi kila bei inapotarajiwa kupanda.

Hata hivyo, si kila shilingi inayoongezeka humwendea muuzaji. Bajeti ya 2023/24, kwa mfano, iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli.

Wenye visima

Faida zinazotikisa dunia ziko kwa wachimbaji. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, ExxonMobil ya Marekani ilipata faida ya dola bilioni 55.7 na Shell karibu dola bilioni 40. Uingereza iliweka kodi ya ziada kwa wachimbaji wa Bahari ya Kaskazini. Tanzania haina kisima cha mafuta cha kutoza kodi ya namna hiyo. Mwaka huo Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa Juni pekee ili kupunguza makali.

La kuzingatia

Kwa mwenye lori, boti au mashine ya kusaga, bei ya dunia ya mwezi huu ni dalili ya tangazo lijalo. Ikipanda, ajaze mapema. Ikishuka, anunue ya kumtosha tu.

Kwa anayetaka kuweka mtaji katika kituo, swali la kwanza ni mafuta hukaa siku ngapi tangini kabla ya kwisha. Kituo kinachomaliza shehena kwa siku tatu hakitikiswi sana na tangazo. Kinachokaa nayo wiki tatu kinacheza kamari kila mwezi.

Na mfanyabiashara wa mchele au saruji anayepandisha bei siku ile ile dizeli inapopanda, akaiacha hapo hapo inaposhuka, ajue kwamba wateja wake wanamsema kama yeye anavyowasema wauza mafuta.