Hataza na Hakimiliki: Mafunzo ya Istilahi kutokana na Kesi ya BlackBerry

Mara nyingi tumekutana, katika magazeti na hata katika tafsiri za nyaraka za sheria, na neno hakimiliki likitumiwa kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: haki ya mtunzi juu ya maandishi yake, na haki ya mvumbuzi juu ya kitu alichokibuni. Wako wanaodhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo, na kwamba neno moja latosha. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kuwa halitoshi. Tutatumia kisa cha kampuni moja ya Kanada, ambayo mwaka 2006 ililipa dola za Marekani milioni 612.5 kwa sababu ya haki ya aina ya pili, wala si ya kwanza.

Chanzo cha kampuni

Kampuni ya Research In Motion ilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Waterloo, jimbo la Ontario, na Mike Lazaridis pamoja na Douglas Fregin. Mwaka 1992 akajiunga nao Jim Balsillie, aliyeshughulikia upande wa biashara. Kwa miaka kadhaa kampuni ilitengeneza vyombo vya kupelekea habari kwa mawimbi ya redio, na mwaka 1999 ikatoa kifaa cha mkononi kilichoitwa BlackBerry. Jina hilo ni la tunda la Ulaya na Amerika, lakini kwa kuwa ni alama ya biashara, halitafsiriwi. Mfasiri atakayeandika jina la tunda badala yake atakuwa amekosea.

Yafaa tueleze ubora wa kifaa hicho. Kabla yake, mtu aliyetaka kusoma barua pepe alipaswa kuketi mbele ya kompyuta na kuiendea barua yake, kama vile sisi tunavyokwenda posta kufungua sanduku. BlackBerry ilikuwa kama tarishi: barua ikifika katika kompyuta ya ofisi, ilipokewa na mitambo ya kampuni, ikarushwa kwa redio, ikamfikia mwenyewe mkononi bila yeye kuiomba. Aliweza kuijibu papo hapo kwa vidole gumba, akitumia baobonye ndogo. Wanasheria, wafanyabiashara na maofisa wa serikali ya Marekani walikipenda mno, na kampuni ikakua kwa kasi.

Mdai na haki yake

Mapema katika miaka ya 1990, fundi wa Marekani aitwaye Thomas Campana alikuwa amebuni mfumo wa kupeleka barua pepe kwa redio hadi kwenye kipokezi cha kubebeka. Maombi ya kwanza ya kuulinda uvumbuzi huo yalipelekwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata, yeye na mwanasheria Donald Stout walianzisha kampuni ya NTP ili ishike haki hizo. NTP haikuwa na kiwanda, wala haikuuza kifaa chochote.

Hapa ndipo msomaji anapohitaji istilahi iliyo sahihi. Lau haki ya Campana ingekuwa hakimiliki, NTP ingelazimika kuthibitisha kuwa kampuni ya Kanada ilinakili kazi yake, maana hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa au kuchorwa. Wawili wakitunga mashairi juu ya bahari moja bila kuonana, kila mmoja ana haki juu ya shairi lake. Lakini haki yake ilikuwa hataza. Hataza hutolewa na serikali kwa uvumbuzi mpya, kwa muda ambao nchi nyingi zimeuweka kuwa miaka 20 tangu maombi yalipopelekwa; na humwezesha mwenyewe kumzuia mtu yeyote kuutengeneza, kuutumia au kuuza uvumbuzi huo, hata kama mtu huyo aliubuni kwa akili yake mwenyewe bila kumsikia aliyetangulia. Kwa hiyo kutokunakili hakukuwa kinga.

Ifahamike pia kwamba hataza hutolewa kwa uvumbuzi, si kwa ugunduzi. Anayeona kitu kilichokuwapo tangu zamani, kama vile nyota au aina ya mmea, amegundua. Anayetengeneza kitu ambacho hakikuwapo, huyo amevumbua. Waandishi wetu wengi huyachanganya maneno haya, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Katika sheria madhara yapo.

Mahakamani

NTP iliiandikia kampuni ya Kanada mwaka 2000, ikiitaka ichukue leseni. Novemba 2001 ikafungua kesi katika mahakama ya Richmond, Virginia, mbele ya Jaji James Spencer. Wakati huo kampuni ya Kanada yenyewe ilikuwa imekwisha anza kuwashitaki wengine: mwaka 2001 iliishitaki Glenayre, na mwaka 2002 ikaishitaki Handspring juu ya baobonye. Wahenga wamesema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Njia moja ya kuishinda hataza ni kuonyesha kuwa jambo linalodaiwa lilikwisha kujulikana kabla ya maombi. Kampuni ilijaribu njia hiyo kwa kuonyesha mbele ya baraza la wazee wa mahakama mfumo wa zamani ukifanya kazi. Ikabainika kwamba programu iliyotumiwa katika maonyesho ilikuwa mpya kuliko mfumo wenyewe, na jaji akawaamuru wazee wasiyajali maonyesho hayo. Novemba 2002 wazee waliamua kwamba hataza zilikuwa zimekiukwa, tena kwa makusudi. Mwaka 2003 jaji alitoza zaidi ya dola milioni 50, akatoa na zuio, ila akalisimamisha hadi rufani isikilizwe.

Katika rufani ulizuka ubishi ambao utawapendeza wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa ulikuwa hasa ubishi wa maana za maneno. Mitambo ya kampuni iliyopokea na kurusha barua ilikuwa Kanada, na hataza za Marekani hazivuki mpaka. Je, uvumbuzi ulikuwa umetumiwa Marekani? Mwaka 2005 mahakama ya rufani ilijibu kwa kutofautisha mfumo na utaratibu. Mfumo, ilisema, hutumiwa mahali ambapo mtu huuendesha na kupata faida yake; basi mtumiaji aliyekuwa Marekani aliutumia Marekani, ijapokuwa kiungo kimoja kilikuwa nje. Lakini utaratibu ni mfuatano wa hatua, na hautumiki ndani ya nchi mpaka kila hatua yake itendeke humo. Hivyo madai ya mfumo yalisimama, na madai ya utaratibu yakaanguka. Mfasiri ambaye angeyatafsiri yote mawili kwa neno mpango angeufanya uamuzi huo usieleweke.

Fidia, mrabaha na zuio

Ofisi ya hataza ya Marekani nayo ilikuwa ikizichunguza upya hataza zile zile, na maamuzi yake ya awali yalikuwa ya kuyakataa madai ya NTP. Twaweza kuuliza: kwa nini basi kampuni ililipa? Jibu liko katika tofauti ya istilahi tatu. Fidia ni malipo ya kosa lililokwisha kutendwa. Mrabaha ni malipo yanayoendelea kwa kila matumizi yaliyoruhusiwa. Zuio ni amri ya kuacha kabisa. Kampuni yenye mapato iliweza kumudu fidia na mrabaha. Zuio lingeuzima mtandao wake Marekani kwa siku moja. Maamuzi ya ofisi ya hataza hayakuwa ya mwisho, na jaji hakuwa tayari kuyangoja. Januari 2006 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Serikali yenyewe iliingia shauri ikiomba kwamba watumishi wake wasikatiwe huduma. Tarehe 3 Machi 2006 pande mbili zilisuluhishana kwa dola milioni 612.5. Campana hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 2004.

Mei mwaka huo huo, katika kesi nyingine iliyoihusu kampuni ya eBay, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kuwa zuio lisitolewe moja kwa moja kila hataza inapokiukwa. Na mwaka 2011 sehemu kubwa ya madai ya NTP yaliyokuwa yakichunguzwa ilikataliwa hata katika rufani. Fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Kampuni za namna ya NTP, zinazoshika hataza bila kutengeneza kitu, hupewa na wapinzani wao jina la zimwi la hadithi za Ulaya linalokaa chini ya daraja likidai ushuru. Hatushauri tafsiri ya jina hilo katika maandishi rasmi, kwa kuwa linahukumu kabla ya mahakama. Mmiliki asiyetengeneza yatosha. Tena tuangalie mwisho wa kisa: kampuni ya Kanada, iliyojiita BlackBerry tangu mwaka 2013, ilishindwa na simu za wengine, ikaacha kubuni simu zake mwaka 2016, na mwaka 2023 ikauza sehemu kubwa ya hataza zake kwa kampuni ambayo kazi yake ni kuzishika na kuzitolea leseni.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba hakimiliki iachiwe kazi za utunzi na sanaa, na hataza itumiwe kwa uvumbuzi. Ukiukaji utumiwe kwa kuivunja haki hiyo. Na fidia, mrabaha na zuio zisibadilishane nafasi. Jambo hili si la Marekani na Kanada peke yake. Tanzania Bara, maombi ya hataza hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na kazi za hakimiliki hushughulikiwa na ofisi nyingine. Kijana wa Morogoro aliyebuni mashine ya kukoboa mpunga, akiambiwa na gazeti kwamba aende akatafute hakimiliki, atagonga mlango usio wake. Na akichelewa huku akiionyesha mashine yake sokoni, upya wake unaweza kupotea na haki yake pamoja nao. Neno lililo sahihi lingemwonyesha mlango mapema.