MFALME ASIYE NA SHAMBA

Ndugu msomaji, je, mwanao aliye mjini amepata kukuambia kwamba yeye ni mfalme wa Babeli? Usicheke. Mimi nimemwona mfalme wa namna hiyo kwa macho yangu, tena ni mpwa wangu.

Nilikwenda Tabata, Dar es Salaam, kumtazama dada yangu. Nikamkuta mwanawe, kijana wa kidato cha pili, ameinama mbele ya kompyuta kuukuu. “Shikamoo, mjomba,” akasema, lakini macho hayakuondoka kwenye kioo. Nikaona uchungu kidogo. Hata hivyo nikavuta kigoda, nikaketi kando yake, nipate kujua ni kitu gani kilichomteka hivyo.

Mchezo huo waitwa Age of Empires, yaani Zama za Madola. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Ensemble Studios, ukatolewa na Microsoft mwaka 1997. Ni mchezo wa zamani sasa, lakini wachezaji wake hawajaisha.

MCHEZO WENYEWE

Huanza kwa umaskini. Wapewa jengo moja na watu watatu tu, nao ni watu wa Zama za Mawe. Mmoja wamtuma kuchuma matunda, wa pili kuwinda, wa tatu kukata miti. Ukitaka mtu mwingine, wahesabiwa chakula 50. Ukitaka kuvuka kutoka Zama za Mawe, watoa chakula 500. Baadaye zaja Zama za Shaba, na mwisho Zama za Chuma. Mashamba nayo huchoka. Usipolima upya, njaa yaingia mjini.

Mpwa wangu alikuwa na haraka. Wakulima wake walikuwa wachache, askari wengi. Adui alipokuja, askari wale wakafa, na ghalani hamna kitu cha kuwapata wengine. Mji ukabomolewa wote.

“Nimeshindwa na adui, mjomba,” akasema.

“La, mwanangu,” nikamjibu. “Umeshindwa na shamba.”

Ndugu msomaji mwenye jembe, wewe wajua maana yake kuliko mimi.

SWALI LILILONINYAMAZISHA

Kisha akanionyesha orodha ya mataifa 12 ya mchezo huo. Wamo Wamisri, Wayunani, Wababeli, Waashuru, Waajemi, na wengine, hata wa China na Japani. Wa Afrika ni Wamisri peke yao.

Kijana akaniuliza: “Mjomba, sisi mbona hatumo? Siku zile tulikuwa wapi?”

Nikanyamaza. Mtu mzima mwenye mvi, sina jibu! Nikaona aibu, nikaenda kutafuta. Na haya ndiyo niliyorudi nayo Tabata.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Ameitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta. Asema jina hilo latokana na mashua zilizoshonwa. Kumbe ni ndugu za mitepe, vyombo ambavyo wazee wa pwani walivishona kwa kamba za nazi! Wageni walileta mikuki, mashoka na visu, wakachukua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Naye Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza juu ya shanga za Kirumi zilizopatikana upande wa Rufiji.

Na chuma je? Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita.

Jambo moja jingine lilimpendeza. Katika mchezo, kuhani huimba tu, na askari wa adui ageuka kuwa wake mara moja. Nikamweleza habari za Ethiopia. Katika karne ya nne, kijana Frumentius alifika Aksum kwa sababu ya mkasa wa safari, akalelewa katika nyumba ya mfalme, baadaye akawa askofu. Mfalme Ezana akaupokea Ukristo, akaweka msalaba juu ya fedha zake. Hiyo haikuwa kazi ya dakika moja. Ilikuwa kazi ya miaka mingi.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua daftari, akachora ufuko, mashua zilizoshonwa, na nyuma yake mashamba. Mashamba mengi.

Basi, wazazi wenzangu, pangeni saa ya mchezo, ije baada ya masomo na kazi za nyumbani. Lakini msiishie kukemea. Vuteni kigoda, mketi, mwulize. Watoto wetu wamekwisha kujua habari za Babeli. Habari za Rhapta watazipata kwa nani, kama sisi tunanyamaza?