Mshambulizi au Mpokezi? Istilahi ya Mwenzi Aangushwaye katika Aikido

Aikido ni sanaa ya kujihami iliyoasisiwa nchini Japani na Ueshiba Morihei (1883–1969). Mazoezi yake hufanywa na watu wawili: mmoja hushambulia, mwenziwe huipokea nguvu ile, akaigeuza na kumwangusha. Huyo anayeshambulia na kuangushwa Wajapani humwita uke, kutokana na kitenzi ukeru, yaani kupokea. Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili hukwama. Mwalimu atakayesimama mbele ya wavulana na wasichana wa Katelembo, Machakos, na kumwambia mmoja wao, "Leo wewe ndiwe uke," atakuwa amelivuruga somo kabla halijaanza. Utohozi, kimbilio la kawaida la istilahi za michezo, haufai katika hali hii.

Wepesi wa mambo ungekuwa kumwita mshambulizi. Hata hivyo, istilahi hiyo, ambayo masikio yamekwisha kuizoea katika kandanda, hubeba sehemu ndogo tu ya kazi yake. Kushika kifundo cha mkono au kupiga utosi kwa ubavu wa kiganja huchukua nukta chache. Kazi kubwa hufuata: kuidumisha nia ya pigo bila ukaidi, kutoanguka kabla ya kupoteza mizani, kisha kuanguka salama, kidevu kikiwa kifuani na mgongo umepinda mithili ya gurudumu. Ajiangushaye mapema humdanganya mwenziwe kuwa ameiva. Akazaye mwili huhatarisha viungo vyake mwenyewe. Katika shule kongwe za upanga za Kijapani, nafasi hii ya kushambulia na kushindwa hushikwa na mwalimu, mwanafunzi akafunzwa kwa kushinda. Neno "mshambulizi" hulificha jambo hilo kabisa.

Makala haya yanapendekeza mpokezi. Ni kweli kwamba neno hili hukumbusha mtu wa mapokezi ofisini, lakini muktadha huondoa utata huo. Aidha, Kiswahili kina dhana ya kupokea wimbo, na apokeaye wimbo si mtu wa kukaa kimya. Asipoitikia, mwimbishaji hubaki peke yake. Zaidi ya yote, mzizi huo una uzazi: ukemi, ufundi wa kuanguka, utaitwa upokezi; na pale wenzi wanapobadilishana nafasi, aghalabu baada ya kurudia zoezi mara nne, watasemwa wanapokezana.